Nyumba ya Wazima Moto wa Hiari

Katika mji wa Alexandria, ulio ukingoni mwa mto Potomac katika jimbo la Virginia nchini Marekani, pana nyumba ya matofali ya chini na juu, nyembamba ya uso, iliyojengwa mwaka 1855 katika mtaa wa South Alfred, ambayo mpita njia asiyekuwa mwenyeji aghalabu huidhania kuwa kanisa dogo, kwa kuwa paani ina kijumba cha kengele na mbele ina lango lililo kubwa kupita haja ya nyumba ya kadiri yake. Humo hakuwamo kasisi. Ni nyumba ya chama cha wazima moto kiitwacho Friendship, kilichoasisiwa mwaka 1774, miaka miwili kabla ya makoloni ya Marekani kutangaza kwamba hayamtii tena mfalme wa Uingereza. Na waliokuwa wakilifungua lango lile usiku wa manane na kulikokota bomba lao barabarani hawakuwa askari wala watumishi wa serikali walipwao mshahara, bali walikuwa wafanya biashara, maseremala, wahunzi na mafundi wa kila namna, ambao asubuhi yake walirejea madukani na katika karakana zao wakiwa na macho mekundu kwa moshi, wasimdai mtu ujira.

Nimeichukua nyumba hii kuwa mada ya leo si kwa kupenda tu mambo ya kale ya watu wa mbali, ingawa mapenzi hayo ninayo na siyaonei haya. Kila soko linapoteketea kwetu, mazungumzo ya barazani na ya magazetini hurudi pale pale: gari la faya lilichelewa, au lilifika halina maji, au halikupata njia ya kupita. Malalamiko hayo yana haki yake, illa naona yanaanzia mwishoni mwa jambo. Watu wa Alexandria hawakuanza na gari. Walianza na daftari la majina, wakafuatisha faini, kisha ndoo, kisha bomba, na baadaye nyumba. Na rai yangu ni kwamba nyumba ile, pamoja na mali iliyowekwa humo kwa jina la wote, ndiyo iliyofanya kitendo cha jirani kumwokoa jirani, ambacho hapana umma usiokuwa nacho, kidumu kizazi baada ya kizazi, badala ya kwisha siku ile ile moto unapokwisha.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1749, ukawa bandari ya tumbaku na halafu ya ngano, na kama ilivyokuwa miji yote ya zama hizo katika pwani ile, nyumba zake nyingi zilikuwa za mbao, kila nyumba ina meko yake na dohani yake, na katika miezi ya baridi moto haukuzimwa usiku wala mchana. Cheche moja iliyoruka kutoka katika dohani isiyosafishwa ilitosha kulitia hatarini boma zima la majirani. Kabla ya mabomba, moto ulipambanwa kwa ndoo: watu walijipanga safu mbili kutoka kisimani au mtoni hadi penye moto, safu moja ikipokezana ndoo zilizojaa, na ya pili, iliyokuwa aghalabu ya wanawake na watoto, ikirudisha ndoo tupu. Ndoo zilikuwa za ngozi, zimeshonwa na kutiwa rangi, na ubavuni mwake limeandikwa jina la mwenyewe, ili baada ya fadhaa kwisha kila mtu ajue iliyo yake. Nyumba iliyokwisha kushika sana haikutafutiwa maji. Iliangushwa kwa kulabu ndefu na kamba, ili jirani yake apone.

Utaratibu wa kuufanya umati huo kuwa chama ulikuwa umekwisha kuonyeshwa katika mji wa Philadelphia, ambako tarehe 7 Desemba 1736 Benjamin Franklin na wenzake waliweka sahihi zao katika hati ya chama walichokiita Union. Kila mwanachama alijilazimisha kuweka nyumbani mwake, kwa gharama yake mwenyewe, ndoo za ngozi na mifuko imara ya kitani, vikiwa tayari saa zote. Ndoo zinaeleweka, mifuko yataka maelezo. Ilikuwa ni ya kuokolea vyombo, nguo na fedha za aliyepatwa na msiba, kwa sababu walijua, kama tunavyojua sisi, kwamba katika kundi linalokimbilia moto hawakosekani wanaokimbilia mali, na kwamba mtu aliyeunguliwa na nusu ya nyumba anaweza kuibiwa nusu ya pili mbele ya macho yake. Nimesoma habari nyingi za miungano ya watu wema, lakini ni chache nilizoziona zenye ujuzi wa tabia ya binadamu kama hati ile, ambayo katika sharti moja ilimwamini jirani na katika sharti la pili ikajilinda naye.

Kisha palikuwa na faini. Wanachama walikutana kila mwezi, wakala pamoja na kuzungumza juu ya moto na namna ya kuuzuia, na asiyehudhuria alitozwa. Na Franklin mwenyewe aliandika katika habari za maisha yake kwamba faini hizo ndogo ndogo za watu wasiofika mikutanoni ndizo zilizonunulia vyama mabomba, ngazi na kulabu. Basi mvivu naye alikuwa na faida yake. Kwetu, katika vyama vingi, asiyehudhuria husamehewa kwa kuonewa haya, na anayehudhuria ndiye hugeuka kuwa mwenye mzigo. Hata mwaka haujaisha, mkutano umebaki wa mwenyekiti na katibu wake.

Alexandria, mji ambao hesabu ya watu ya mwaka 1790 ilikuta una roho 2,748 tu, ulikuwa wakati huo na vyama vitatu: Friendship, kisha Sun cha mwaka 1775, kisha Relief cha mwaka 1788, na mwaka 1799 kikaongezeka cha nne, Star. Ni mji mdogo kuliko vijiji vyetu vingi vya leo, na ulikuwa na mabomba mengi kuliko yaliyomo katika baadhi ya mikoa yetu. Kuhusu Friendship pana hadithi mashuhuri, isimuliwayo kwa fahari hata leo, kwamba George Washington, ambaye shamba lake la Mount Vernon halikuwa mbali na mji, alikuwa mwanachama wake na alikinunulia bomba lake la kwanza kwa fedha yake. Wanahistoria waliochunguza nyaraka hawakuupata ushahidi wa maneno hayo. Wanachama wenyewe waliyashikilia, na sioni sababu ya kuwalaumu sana: chama kisicholipa mshahara hakina budi kulipa kwa sarafu nyingine, na heshima ya kudaiwa kuwa mrithi wa Washington ilikuwa sarafu iliyopokelewa na kila mtu mjini.

Tuingie sasa chini ya ile nyumba, penye lango kubwa. Bomba lililowekwa humo ni kazi ya John Rodgers wa Baltimore, la mwaka 1851, na anayelitazama kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona linavyong'aa, limepakwa rangi na kunakshiwa, maana ni kitu kilichokusudiwa kutiwa matopeni na masizini. Ni gari la magurudumu manne linalokokotwa kwa kamba na watu, sio farasi. Pande zake zina mikono mirefu ya kushikwa na watu waliosimama safu kwa safu, upande huu ukisukuma chini wakati upande ule unapanda, na kila msukumo huyabana maji katika silinda na kuyatoa kwa nguvu katika mpira. Kazi hiyo ni ya kuvunja mgongo. Mtu mwenye siha njema hawezi kuifanya kwa kasi itakiwayo ila kwa dakika chache, kisha hana budi kupokewa na mwingine, ndiyo maana bomba moja lilihitaji jeshi zima la watu, na ndiyo maana chama kilichokuwa na wanachama wachache hakikuwa chama. Msimamizi alitoa amri kwa parapanda ya shaba, si ya kupulizwa, bali ya kusemea, ili sauti yake ipite makelele ya moto na ya watu. Bomba hili, tofauti na yale ya mwanzo yaliyojazwa kwa ndoo, liliweza kuyavuta maji lenyewe kutoka kisimani au mtoni, na wakati huo mji ulikuwa umo katika kujipatia kampuni ya maji ya mabomba iliyosimamiwa na Benjamin Hallowell, mwalimu wa mji huo.

Mpira nao ulikuwa na mambo yake. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 mipira ilikuwa ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi, nayo ilipasuka kila maji yalipobanwa; ndipo katika mji wa Philadelphia, kati ya mwaka 1807 na 1808, James Sellers na Abraham Pennock wakaanza kuifunga kwa misumari ya shaba badala ya uzi, ikaweza kustahimili. Mpira wa ngozi, hata uliofungwa kwa misumari, haukubali kuachwa. Baada ya kila moto sharti uoshwe, uanikwe ukiwa umening'inizwa, kisha upakwe mafuta usikauke na kukatika. Nyumba nyingi za wazima moto katika miji midogo ya Marekani zilijengewa mnara mrefu kwa sababu hiyo, kengele juu na mipira chini yake, na mgeni anayeusifu mnara kwa uzuri wake hajui kwamba anasifu kamba ya kuanikia. Hapa ndipo penye siri ya nyumba. Moto ni wa saa tatu. Utunzaji wa mpira ni wa mwaka mzima, na haufanywi na shauku bali na mtu aliyepangiwa zamu, katika mahali palipo na paa, kufuli na ratiba iliyobandikwa ukutani.

Juu, kwa ngazi, ndimo mlimokuwa na ukumbi. Humo wanachama walikutana, wakasomewa kumbukumbu za mkutano uliopita, wakatozana faini, wakagombana, wakapatanishwa, wakatunza bendera na mavazi yao ya maandamano, yenye alama ya mikono miwili iliyoshikana. Watu wa fikira kavu wamewahi kuuita ukumbi huo upuuzi, wakasema ya kwamba fedha zilizotumika kwa viti na vitambaa vya mapambo zingenunua ngazi. Mimi siafiki. Mtu huacha kitanda chenye joto katika usiku wa Januari akakimbilia moto wa mtu asiye nduguye kwa sababu anajua kuwa Ijumaa ijayo ataketi katika ukumbi ule kati ya wenzake, na kwamba kiti chake kikiwa tupu kwenye moto, kitakuwa kizito kukikalia mkutanoni. Kuona haya ni askari mwenye nguvu kuliko sheria.

Siyo kwamba walifaulu kila mara. Mwezi Januari 1827, katika baridi kali, moto ulizuka mjini Alexandria ukateketeza nyumba zaidi ya 50, ikawa maafa yaliyofika hadi Bungeni Washington, maana wakati huo mji ulikuwa chini ya wilaya ya makao makuu. Na Bunge likatoa dola 20,000 kuwasaidia walioathirika, baada ya mabishano makali juu ya kama serikali ina haki ya kutoa sadaka kwa fedha ya umma. Na mwezi Novemba 1855, mwaka ule ule ambao nyumba ya Friendship ilijengwa, duka la vyombo vya kaure katika mtaa wa King lilishika moto usiku, ukuta wake ukaanguka, ukawafunika wazima moto saba wa hiari wakafa. Mji ule ulikuwa na watu wasiozidi elfu kumi na kitu. Watu saba katika mji wa kadiri hiyo maana yake ni kwamba hapakuwa na mtaa usiokuwa na matanga. Mnara wa kumbukumbu yao umo katika makaburi ya Ivy Hill, na vyama, badala ya kuvunjika kwa hofu, viliendelea.

Ningekuwa msimulizi mbaya kama ningeishia kwenye sifa. Vyama hivi, hasa katika miji mikubwa, vilipatwa na maradhi yale yale yanayozipata jumuiya zote zenye fahari: husuda na hasama. Huko Philadelphia na Baltimore, chama kilichofika cha kwanza na cha pili viligombea tundu la maji wakati nyumba ya watu inaungua, wakapigana kwa ngumi, kwa mawe, na mwishowe kwa bastola, na palikuwa na mioto iliyowashwa makusudi ili wapinzani watoke nje wakaviziwe. Siasa nayo ikaingia. William Tweed, aliyeitawala New York kwa ufisadi mashuhuri, alianza kupanda ngazi akiwa msimamizi wa chama cha Americus, na picha ya chui milia iliyokuwa alama ya bomba lake ikageuka kuwa nembo ya genge lake la siasa. Tena palikuwa na dhuluma ya ubaguzi. Mwaka 1818 Waafrika wa Philadelphia walipokusanyika waanzishe chama chao cha kuzima moto, vyama vya wazungu vilipinga kwa nguvu hata kikafutika kabla ya kuanza. Ilhali katika miji ya kusini, kama vile Savannah, watumwa na watu weusi waliokuwa huru ndio waliokamuliwa jasho katika mabomba, kwa amri na si kwa hiari, wakiokoa mali za mabwana. Neno hiari haliwi na maana mpaka tujue ni nani aliyekubaliwa kuitumia.

Hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka, vyama hivyo vilionyesha sura zao mbili. Mwaka 1861 Elmer Ellsworth, rafiki wa Rais Lincoln, aliandikisha kikosi kizima cha askari kutoka kwa wazima moto wa hiari wa New York, akawavika mavazi yaliyoigwa kwa wanajeshi wa Ufaransa wa Algeria. Walipofika Washington walikuwa kero kwa utundu wao, mpaka moto ulipozuka katika jengo lililopakana na hoteli ya Willard, wakapanda juu kwa mabega ya wenzao, wakauzima, na mji ukawapenda. Tarehe 24 Mei waliingia Alexandria, na huko Ellsworth akauawa na mwenye hoteli moja kwa kuteremsha bendera ya waasi iliyokuwa paani.

Kilichoviondoa vyama hivi katika miji mikubwa kilikuwa ni mashine ya mvuke, pamoja na uchovu wa raia kwa ghasia. Mji wa Cincinnati ulianza kuwalipa wazima moto wake tarehe 1 Aprili 1853, ukatumia bomba la mvuke lililofanya kazi ya watu wengi bila ya kuhitaji kupokewa. Baltimore ukafuata mwaka 1859, New York 1865, Philadelphia 1871. Alexandria yenyewe iliunda idara yake ya zimamoto mwaka 1866. Friendship hawakutawanyika, walibaki kuwa chama cha wakongwe na watunza kumbukumbu, na nyumba yao leo ni makumbusho ya manispaa.

Lakini atakayefikiri kwamba huo ndio mwisho wa wazima moto wa hiari atakuwa amekosea sana. Hesabu ya mwaka 2020 ya jumuiya ya taifa ya Marekani inayoshughulika na kinga ya moto ilikuta wazima moto 1,041,200 nchini humo, na kati yao 676,900 ni wa hiari, yaani watu wawili katika kila watatu. Nchi iliyo tajiri kupita zote inazimiwa moto, katika miji midogo na mashamba, na watu wasiolipwa. Nyumba zao zinafanana kwa tabia na ile ya Alexandria: chini magari, juu au ubavuni ukumbi, ambao hukodishwa kwa arusi na ambamo asubuhi za Jumapili huuzwa chakula ili kupata fedha za vifaa, na wake na mama wa wanachama wana jumuiya yao ya kupeleka chai na mikate penye moto wa muda mrefu. Idadi yao inapungua, kwa kuwa vijana siku hizi hufanya kazi mbali na makwao na masaa ya mafunzo yameongezeka. Na miji yao imeanza kuwapa wanachama pensheni ndogo na msamaha wa kodi. Tangu mwaka 1976 sheria ya taifa hilo huilipa fidia familia ya mzima moto aliyekufa kazini, awe wa mshahara au wa hiari.

Ujerumani ni mfano wenye nguvu zaidi. Katika mji mdogo wa Durlach, fundi mkuu wa majengo wa mji, Christian Hengst, aliunda mwaka 1846 kikosi cha wazima moto wa hiari, akawafundisha kulitumia bomba jipya la Carl Metz wa Heidelberg. Mwezi Februari 1847 jumba la michezo ya kuigiza la Karlsruhe, mji mkuu wa dola yao, uliokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, liliungua likiwa limejaa watu, wakafa zaidi ya 60. Karlsruhe ulikuwa na raia waliolazimishwa na sheria kuja na ndoo, nao walikuja, wakafanya fujo. Watu wa Durlach walikuja na mazoezi, wakauzuia moto usienee katika kasri na majengo ya jirani, na tangu usiku huo vikosi vya namna hiyo vilienea Ujerumani yote, ambako leo wazima moto wa hiari wanakaribia milioni moja, na ni miji mikubwa tu iliyo na vikosi vya mshahara.

Sasa nirudi kwetu. Soko la Kariakoo liliposhika moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, jiji la Dar es Salaam lilikuwa na jeshi lake la zimamoto, na sitaki kulihukumu hapa. Jiji lenye mamilioni ya watu lina haki ya kutaka askari wa kulipwa, na hakuna chama cha wauza nguo na wauza viungo kitakachozima ghala la soko kwa ndoo. Rai yangu haihusu majiji. Inahusu miji yetu midogo, Lamu, Pangani, Mikindani, Kilwa Kivinje, na mamia ya vituo vya biashara vya bara, ambako gari la kuzima moto lililo karibu liko makao makuu ya mkoa au ya kaunti, na ambako nambari 114 au 999 itapokewa na mtu mwema asiye na cha kuleta.

Mathalan Lamu. Mji ule, ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani bila ya mmoja kurudi nyuma, na nyumba nyingi za pembeni mwake zimeezekwa makuti, tena karibu karibu. Gari la zimamoto la tani nane halitapita humo milele, hata likinunuliwa kwa fedha ya mkopo na kuzinduliwa kwa ngoma na utepe. Kinachopita ni pampu ndogo ya petroli juu ya mkokoteni, mipira ya kuunganishwa na watu 40 waliojifunza kuiunganisha gizani. Bahari ipo hatua chache, na visima na mabirika ya misikiti yapo mtaani. Watu nao wapo; moto unapotokea hapana anayebaki kitandani, wote hukimbia na beseni na ndoo za plastiki, kila mmoja kwa ghera yake na kwa shauri lake, huyu akimwaga mchanga, yule akivunja mlango usiostahili kuvunjwa, na mwingine akitoka na televisheni ambayo mwenyewe hataiona tena. Hao ni Karlsruhe. Wanahitaji kufanywa Durlach.

Nitajibiwa kwamba katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na kwamba Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa sheria yake ya mwaka 2007, basi kuwaita raia wajitolee ni kuisamehe serikali deni lake. Hoja hiyo naiheshimu, maana tumekwisha kuona kujitolea kunavyogeuzwa kuwa jina la heshima la kazi ya bure, na harambee ikawa mchango wa kulazimishwa. Lakini serikali haiwezi kuuweka mshahara katika kila kituo chenye maduka 30, na Marekani na Ujerumani hazikuweza. Deni lake halisi ni jingine: nyumba, pampu, mafunzo kutoka kwa askari wa jeshi lenyewe mara kadhaa kwa mwaka, na bima ya mtu atakayeungua au kufa. Akikosa hayo, mtu wa hiari ni mtu aliyedanganywa. Aidha daftari la majina liwe wazi kwa wote, wanawake pamoja na wanaume, mwenye nyumba na mpangaji, na vijana wa bodaboda kabla ya wengine, ambao ndio wanaojua kila njia na ndio wafikao kwanza. Nacho chama kisiwe cha ukoo mmoja wala ofisi ndogo ya chama cha siasa, maana tumeona Tweed alikotoka.

Mabaraza ya kaunti na ya halmashauri hujadili bajeti kila mwaka, na bei ya gari moja kubwa la kisasa, lile la kupigwa picha, ingetosha kujengea miji mingi vyumba vya mawe vyenye lango pana na kuviwekea pampu. Kwa Lamu mimi ningekiweka chumba hicho karibu na gati, lango likielekea penye maji, na ukumbi juu yake wenye viti vya kutosha na ubao wa majina ya waliokosa mkutano. Ufunguo ukae kwa wanachama wawili wanaolala mtaa huo huo, wala usipelekwe kutunzwa katika ofisi yoyote ya serikali, ambako kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hapana mtu.